Rangi Mbichi au Rangi ya Tabaka?

Wapo vijana hapa Tunda wapendao kuchora picha ndogo za nchi kwa rangi za mafuta. Wao hushika neno la wazee: haraka haraka haina baraka. Basi hudhani picha ya tabaka nyingi lazima ipite ile iliyopakwa mara moja, rangi mbichi juu ya rangi mbichi. Je, ni kweli?

Kwanza tufahamu mafuta yenyewe. Mafuta ya kitani hayakauki kama nguo iliyoanikwa. Huvuta oksijeni ya hewa, yakawa magumu polepole. Mawese yetu hayana tabia hiyo, nayo hayafai kwa rangi. Mwenye kupaka tabaka hana budi kungoja, na tabaka za juu ziwe na mafuta mengi kuliko za chini, picha isije ikapasuka.

Tazameni picha ya Bikira Maria na Kansela Rolin, aliyoichora Jan van Eyck katika miaka ya 1430, iliyoko Louvre mjini Paris. Urefu wake haufiki mita moja. Nyuma ya watu mna mto, daraja na mji, vidogo mno. Rangi nyembamba zimelazwa moja juu ya nyingine, nao mto umetulia kabisa.

Mwingereza John Constable alifanya vingine. Mwaka 1821 na 1822, huko Hampstead, alichora mawingu kwa kikao kimoja, akaandika nyuma ya picha siku, saa na upepo. Nyeupe iliingia katika kijivu kibichi, ukingo wa wingu ukalainika. Angalizidisha kukoroga, angalipata tope.

Nani amemshinda mwenziwe? Hakuna. Mmoja alichora kinachokaa, mwingine kinachopita.

Nasi tunaye Bela Sara, wa karakana aliyoianzisha Pierre Romain-Desfossés mwaka 1946 huko Elisabethville, leo Lubumbashi. Yeye alipaka kwa ncha za vidole, nukta kando ya nukta, kwa kuwa picha yake ilitaka hivyo.

Basi, kijana, mvua ikipanda juu ya msitu, paka mbichi, wingu halikungoji. Msitu wenyewe, kijani ndani ya kijani, upe tabaka na siku zake. Tusiyoweza kuisifu ni ile picha ya tabaka zilizorundikwa kabla ya kukauka. Hiyo ni haraka inayojiita subira.