Bendi ya WITCH Jukwaani: Rekodi Moja, Hadhira Mbili

Wenzangu mnaofundisha fasihi simulizi mnaijua kero hii. Unaandika ubaoni maneno fanani, hadhira na utendaji, wanafunzi wanayanakili, na siku ya mtihani wanakurudishia sifa tano za utendaji kama walivyozipokea, ingawa hakuna utendaji wowote waliouona darasani. Ngano zilizomo katika vitabu vyetu zimekwisha kukaushwa. Kikohozi cha msimuliaji kimeondolewa, na watoto waliokuwa wakimwitikia wamebaki kuwa maneno mawili ndani ya mabano. Kwa muda mrefu nimekuwa nikitafuta kitu cha kuwaonyesha wanafunzi wangu, na nilikipata mahali ambapo sikukutarajia kabisa: katika muziki wa roki wa Zambia. Nieleze nilichokipata na kasoro zake.

Bendi inaitwa WITCH. Herufi hizo ni kifupisho cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya "tumekusudia kuleta vurugu". Ilivuma katika miaka ya 1970, hasa katika miji ya migodi ya Copperbelt, ikiwa miongoni mwa bendi zilizoanzisha mtindo ambao leo huitwa Zamrock: gitaa la umeme lenye sauti ya kukwaruza, ngoma nzito, na mwimbaji asiyetulia mahali pamoja. Mwimbaji huyo ni Emmanuel Chanda, anayejulikana zaidi kwa jina la Jagari. Jina hilo ni la Mick Jagger wa Rolling Stones, lililovishwa irabu ya mwisho kama tunavyofanya tunapotohoa "benki" au "basi". Mwalimu wa fonolojia anaweza kuanzia hapo hapo. Pamoja naye walikuwapo Chris Mbewe na John Muma kwenye magitaa, Gedeon Mulenga kwenye besi na Boidi Sinkala kwenye ngoma.

Mazingira yaliwasaidia kwa muda. Rais Kenneth Kaunda aliagiza kwamba asilimia 95 ya muziki unaopigwa redioni uwe wa Zambia, na vijana waliokuwa wakiiga nyimbo za Uingereza na Marekani wakajikuta wanahitajika kutunga zao. Nairobi nayo ilihusika. Musi-O-Tunya, bendi nyingine kubwa ya Zamrock, ilifanya kazi zake huko kwa kipindi kizuri, jambo ambalo wanafunzi wetu wa Kenya hushangaa kulisikia. Kisha bei ya shaba ikaanguka, fedha zikapungua mifukoni mwa wachimbaji waliokuwa wakilipa kiingilio, na baadaye ukimwi ukaingia. Wanamuziki wengi wa kizazi kile walifariki mapema. Katika kundi la awali la WITCH amebaki Jagari peke yake.

Santuri walizotoa katika miaka ya 1970, kuanzia Introduction, kupitia Lazy Bones!! ya 1975 hadi Including Janet ya 1977, zote ni za studio. Lakini watu waliokuwapo wakati huo hawasimulii studio. Wanasimulia maonyesho yaliyoanza saa moja jioni na kwisha saa nane usiku, Jagari akiruka kutoka roshani na kutua katikati ya watu, na polisi wakiitwa kutuliza umati. Kwa lugha yetu ya darasani, tulichorithi ni matini, na utendaji tumerithi sifa zake tu.

Ndiyo maana niliipokea kwa hamu filamu ya Gio Arlotta, Mwitalia, iliyotoka mwaka 2019 na kuitwa kwa jina la bendi. Inafuata safari ya kumtafuta Jagari nchini Zambia, wakati ambapo alikuwa akijishughulisha na uchimbaji wa vito, mpaka bendi inapoundwa upya na kwenda kupiga Ulaya mwaka 2017. Besi anapiga Jacco Gardner na ngoma Nico Mauskoviç, wote wawili Waholanzi na vijana wa kuweza kuwa watoto wake. Patrick Mwondela, aliyekuwamo katika WITCH ya miaka ya 1980, amerudi kwenye kinanda. Jagari alizaliwa mwaka 1951, kwa hiyo mtu tunayemwona akipanda jukwaani ana umri wa miaka 65 hivi.

Na jukwaani hana habari na umri huo. Hakuna anayeweza kuitazama rekodi hii akasema mzee anaigiza ujana. Anacheza kwa magoti na mabega, anasogea ukingoni mwa jukwaa, anawaelekezea watu kipaza sauti, anasubiri. Kusubiri huko ndiko nilikokuwa nikikutafuta. Katika santuri, wimbo kama "Lazy Bones" una mwanzo na mwisho uliopangwa na urefu wa upande wa santuri. Jukwaani gitaa linarudia kifungu kile kile mara nyingi kadiri mwimbaji anavyoona inafaa, naye anaamua kwa kuwatazama watu. Muda wa wimbo unatoka kwa hadhira. Ukimwonyesha mwanafunzi jambo hilo kwa dakika tatu, hutahitaji kumwandikia sifa tano.

Maneno ya nyimbo sitayatetea. Mengi ya kipindi cha mwanzo ni ya Kiingereza, na ukiyaandika ubaoni yanabaki mepesi. Wapo wanaowalaumu kwa kuacha lugha zao, lakini lawama hiyo inasahau kwamba Zambia ina lugha saba za kienyeji zinazotumika redioni, na bendi iliyosafiri mji hadi mji ilijua kwamba ukiimba Kibemba umewaacha wengine na ukiimba Kinyanja umewaacha hawa. Hata hivyo uzito wa nyimbo hizi haumo katika maneno. Umo katika namna gitaa linavyouliza na ngoma zinavyojibu, na katika nafasi inayoachwa wazi ili mtu wa chini aijaze.

Kasoro yangu ya kwanza kwa rekodi ni ya kawaida kwa filamu za aina hii. Wimbo ukishika moto, unakatwa ili mtu aeleze jambo. Maelezo ni mazuri, lakini mhariri angetuachia walau wimbo mmoja mzima, kwa sababu wimbo wa namna hii hujengwa taratibu na anayeonja vipande vyake hafiki unakokwenda. Kasoro ya pili ni ndogo: wale vijana wa Kiholanzi wanapiga kwa heshima kubwa mno. Wamejifunza santuri kwa moyo, na mara nyingine unahisi wanaogopa kuzikosea. Jagari mwenyewe haogopi, na Mwondela naye ana uhuru ule wa mtu wa nyumbani.

Kasoro ya tatu nisingeiona peke yangu. Nilionyeshwa Chienge.

Wasiopajua, Chienge ipo ufukweni mwa Ziwa Mweru, kaskazini ya Nchelenge, na kwa mashua Kongo haiko mbali. Pweto ipo upande ule, mahali ambapo mto Luvua unatoka ziwani. Kwa hiyo Kiswahili hapa hakikuletwa na sisi walimu. Kilivuka maji pamoja na chitenge, sabuni na wakimbizi wa vita, na kinarudi pamoja na magunia ya chisense, wale samaki wadogo wa kukausha ambao mtu wa Mwanza angewaita dagaa bila kufikiri mara mbili. Nilikuwa huko kwa shughuli za familia, na jioni moja niliweka kompyuta juu ya kaunta ya duka la shemeji yangu, nikaunganisha spika, nikawaonyesha waliokuwapo onyesho la Ulaya. Nilitaka kujaribu somo langu kabla ya kulipeleka darasani.

Ikumbukwe kwamba hii ni nchi ya kalindula. Muziki huo una asili yake Luapula, na ulichukua jina la besi ya kienyeji inayotengenezwa kwa mikono. Ndio uliotamba Zambia baada ya roki kufifia. Watu wa hapa hupima muziki wowote kwa kuuliza besi iko wapi. Kwa hiyo besi ya Gardner ilikaguliwa kwanza, ikapita. Vijana wakacheka mavazi ya Jagari, halafu wakaacha kucheka, halafu mmoja akaanza kucheza pale mlangoni.

Alikuwapo mama mmoja muuza samaki kutoka Pweto, akingojea mashua ya asubuhi. Alitazama kimya kwa muda, kisha akasema kwa Kiswahili cha kwao: "Bale banaangalia tu." Nikamuuliza, mama, akina nani? Akaonyesha kwa kidevu umati uliokuwa chini ya jukwaa. Wale wanaangalia tu. (Wanafunzi wa isimu wauone kiambishi ba- mahali ambapo sisi tungetumia wa-, na wasikimbilie kukiita kosa.)

Nikamtetea mwenye filamu. Nikasema wanapiga makofi, wanaruka, wanafurahi. Mama akakubali kwamba wanafurahi. Lakini mzee mmoja, aliyekuwa amekaa juu ya kreti ya soda na ambaye alifanya kazi mgodini Kitwe wakati wa ujana wake, akaingilia. "Mwalimu," akaniambia, "huyu anaita. Anaita, halafu anajijibu mwenyewe." Nikamwuliza, "Bashikulu, sisi hapa tungemjibu nini?" Hakunieleza. Gitaa liliporudia kile kifungu, na Jagari aliponyoosha kipaza sauti kwa umati, mzee akatoa sauti fupi ya kooni, mbele kidogo ya pigo la ngoma, na yule mama akaipokea, na yule kijana wa mlangoni akaimalizia kwa kisigino. Hawakuwa wameafikiana lolote. Mara ya pili walikuwa watu sita.

Nimeitazama tena sehemu hiyo mara nyingi tangu jioni ile. Mzee ana haki. Jagari anaacha nafasi, na nafasi inabaki wazi, au inajazwa kwa kelele za shangwe, ambazo ni kitu kingine. Umati wa Ulaya unashangilia utendaji badala ya kuingia ndani yake. Siwalaumu, walilipa kiingilio kwa ajili ya hazina iliyopotea kwa zaidi ya miaka 30, na mtu akiletewa hazina huitazama. Rekodi nayo ni kweli tupu, kwa sababu inaonyesha kilichotokea. Ila inamwonyesha fanani aliyepata maisha ya pili mbele ya hadhira isiyojua sehemu yake, wakati wanaoijua wamekaa juu ya kreti za soda na hakuna aliyewahi kuwauzia tiketi.

Hapo ndipo ninapotofautiana na baadhi ya wenzangu wanaosema kwamba rekodi ya jukwaani, kwa kuwa ina picha na sauti, inamaliza tatizo letu la kufundisha utendaji. Nusu inalimaliza. Kamera inaweza kushika jasho la fanani, lakini hadhira inayoshikwa ni ile iliyokuwapo siku hiyo, na mwanafunzi asipoambiwa atadhani ndivyo hadhira inavyokuwa siku zote: inasimama, inanyoosha mikono, inapiga picha. Na tukienda sisi wenyewe kukusanya nyimbo za wavuvi au za misiba na vinasa sauti vyetu, huwa tunafanya kosa baya kuliko la Arlotta. Tunamwomba mwimbaji aimbe peke yake chumbani, tena tunawafukuza watoto wasilete kelele.

WITCH hawakuishia kwenye filamu. Mwaka 2023 walitoa Zango, albamu yao ya kwanza tangu Kuomboka ya 1984, iliyorekodiwa DB Studios mjini Lusaka pamoja na waimbaji wa kizazi kipya, akiwamo Sampa the Great. Ni albamu nzuri, na sauti za kike zinazompokea Jagari zinarudisha kiasi fulani cha kile nilichokikosa Ulaya. Lakini nayo ni ya studio.

Darasani nimeamua kuionyesha rekodi ya onyesho bila utangulizi, kisha kuicheza tena picha ikiwa imezimwa, na kuwataka wanafunzi wainue mkono kila wanaposikia wameitwa. Mara ya kwanza waliinua mikono kumi kati ya arobaini. Mmoja, binti anayetoka Nchelenge, hakuinua mkono hata mara moja. Alikuwa akigonga dawati.