Mianya ya Mipakani: Wizi wa Data wa Capital One kwa Mizani ya Kielelezo cha Vitisho

Kielelezo cha vitisho ni maelezo yaliyopangwa, aghalabu yakiambatana na mchoro, yanayoonyesha jinsi mfumo wa kompyuta unavyofanya kazi, jinsi unavyoweza kushambuliwa, na hatua zinazofaa kuchukuliwa kabla mshambuliaji hajafika. Adam Shostack, aliyetoa kitabu mashuhuri cha fani hii mwaka 2014, ameifupisha kazi nzima katika maswali manne: kinachojengwa ni nini, kipi kinaweza kuharibika, kifanyike nini, na je, kazi iliyofanyika inatosha? Katika mifumo inayoendeshwa kwenye wingu, yaani kwenye seva za kukodi zinazofikiwa kwa intaneti, ni nadra mtu mmoja kuweza kuyajibu maswali hayo peke yake, kwa kuwa ujuzi wa mfumo umegawanyika miongoni mwa waandishi wa programu, wasimamizi wa wingu na wale wanaotunza data. Mkasa uliokikumba chombo cha fedha cha Marekani, Capital One, mwaka 2019 unaonyesha gharama ya mgawanyiko huo.

Mwezi Machi mwaka huo mshambuliaji alinakili, kutoka katika hifadhi za benki hiyo zilizokuwa kwenye wingu la kampuni ya Amazon, taarifa za watu wapatao milioni 100 nchini Marekani na milioni 6 nchini Kanada. Njia ilianzia kwenye ukuta-moto wa programu za wavuti, yaani programu inayochuja maombi yatokayo nje, ambao ulikuwa umepangwa vibaya kiasi cha kumpelekea mgeni maombi yake huko ndani kana kwamba ni ya seva yenyewe. Mbinu hiyo huitwa ughushi wa maombi upande wa seva. Maombi hayo yalielekezwa kwenye huduma ya metadata, ambayo seva za Amazon huifikia kwa anwani 169.254.169.254 na kupewa hati za muda za kujitambulisha kwa huduma nyingine. Hati zilizopatikana zilibeba mamlaka ya wadhifa uliopewa ukuta-moto, na kwa mamlaka hayo mshambuliaji aliweza kuorodhesha mafolda zaidi ya 700 na kunakili faili zilizomo. Usimbaji fiche, yaani kuigeuza data isisomeke bila ufunguo, haukuziokoa taarifa zote, kwa sababu njia hiyohiyo ya kuingilia iliwezesha pia kuzifumbua.

Kila hatua, ikitazamwa peke yake, haina ajabu. Ukuta-moto hauna budi kupokea maombi ya nje. Huduma ya metadata iliundwa kuijibu seva yake. Hifadhi humfungulia mwenye hati halali. Hatari ilikaa katika maungio, mahali ambapo dhana ya kundi moja la wafanyakazi hupokelewa na kundi jingine bila kuhojiwa.

Kikao cha pamoja cha kutengeneza kielelezo huanzia hapo. Washiriki huchora mtiririko wa data, kisha hutia alama kwenye mipaka ya kuaminiana, yaani sehemu ambazo ombi hutoka katika eneo la mamlaka fulani na kuingia katika eneo la mamlaka nyingine. Katika kila mpaka hupitishwa orodha ya STRIDE, iliyobuniwa na Loren Kohnfelder na Praerit Garg wa Microsoft mwaka 1999, ambayo hutaja vitisho sita: kujifanya mwingine, kuchezea data, kukana tendo, kufichua taarifa, kuzuia huduma, na kujipandishia mamlaka. Kwa mfumo kama huu, mwandishi wa programu angeulizwa kama ukuta-moto unaweza kulaghaiwa upeleke ombi ndani. Msimamizi wa wingu angeeleza ni hati zipi zingetoka endapo ombi hilo lingefika kwenye huduma ya metadata. Naye mtunza data angeuliza kwa nini mchuja maombi apewe haki ya kusoma faili za wateja. Swali hilo la mwisho halihitaji ustadi wa udukuzi, bali linahitaji muulizaji na mwenye jibu wawe mbele ya mchoro mmoja.

Tiba nazo hugawanyika vivyo hivyo: kupunguza haki za wadhifa zibaki zile za lazima tu, kurekebisha ukuta-moto, na kuweka kengele inayolia hati za seva zinapotumiwa kutoka anwani ngeni. Novemba 2019 Amazon ilitoa toleo la pili la huduma ya metadata, linaloitaka seva iombe kwanza tokeni kwa ombi la aina maalumu ambalo maombi mengi ya kughushi hayawezi kulitoa. Agosti 2020 mamlaka ya Marekani inayosimamia benki iliitoza Capital One faini ya dola milioni 80, ikieleza kwamba benki haikuwa na utaratibu madhubuti wa kutathmini hatari kabla ya kuhamishia shughuli zake kwenye wingu.

Kielelezo hakichukui nafasi ya majaribio ya usalama, na mchoro usiosahihishwa mfumo unapobadilika hupotosha kuliko kusaidia. Hata hivyo, taasisi inayohamia kwenye wingu haina sababu ya kuliachia kundi moja kazi hii: wanaojenga, wanaoendesha na wanaotunza data wakutane kabla ya kuhama, na wakutane tena kila haki mpya inapotolewa.