Kutoka Terran Kwenda Zerg: Kinachobebeka na Kisichobebeka katika StarCraft II

StarCraft II, gemu la mkakati lililotolewa na kampuni ya Blizzard Entertainment mwezi Julai 2010, halifanani na bao wala drafti, ambamo wapinzani wawili huanza na kete za aina moja na kufungwa na kanuni zilezile. Hapa kila mchezaji huchagua mojawapo ya jamii tatu zenye majengo, majeshi na namna tofauti kabisa za uzalishaji: Terran, ambao ni binadamu wenye mitambo ya kivita, Protoss, ambao ni viumbe wenye teknolojia ya juu na askari wachache wa gharama kubwa, na Zerg, ambao ni viumbe wanaozaana kwa wingi na kwa kasi. Wachezaji wengi wa mashindano hubobea katika jamii moja tu, na anayeamua kuhama hudhaniwa kuwa kazi yake ni kujifunza majina na nguvu za askari wapya. Uhamaji wa kutoka Terran kwenda Zerg unaonyesha kwamba sehemu hiyo ndiyo nyepesi kuliko zote, kwa sababu kinachobadilika hasa ni wakati ambao uamuzi wa kuzalisha hufanywa.

Yapo maarifa ambayo mhamaji huenda nayo bila kupoteza chochote. Jamii zote tatu huchimba madini na gesi, na tangu toleo la Legacy of the Void la Novemba 2015 zote huanza na wafanyakazi 12. Kila kituo chenye vitalu 8 vya madini hutosheka na wafanyakazi 16, pamoja na 6 wanaogawanywa katika visima viwili vya gesi. Na ukomo wa idadi, unaojumlisha wafanyakazi na askari, ni 200 kwa kila jamii. Ujuzi wa ramani, nidhamu ya kupeleleza, uwezo wa kukadiria uchumi wa mpinzani kwa kuangalia idadi ya vituo vyake, na wepesi wa kutumia kibodi na kipanya ni mtaji unaobaki palepale.

Tofauti huanza katika kiwanda. Mchezaji wa Terran huzalisha askari wa miguu kutoka katika kambi, na kila kambi hutoa askari mmoja kwa wakati mmoja, au wawili ikiwa imeongezewa kiambatisho kiitwacho Reactor, huku kituo kikuu kikitoa mfanyakazi mmoja kila baada ya sekunde 12 bila kuingiliana na kambi hizo. Kwa hiyo uamuzi mzito wa Terran hufanywa mapema, pale anapoamua idadi na aina ya majengo atakayojenga. Baada ya hapo kazi yake kubwa ni kuhakikisha kwamba hakuna jengo linalokaa bure. Uchumi na jeshi lake hukua kwa pamoja kupitia milango miwili tofauti, na mfanyakazi mpya hamnyimi askari nafasi ya kuzaliwa, ingawa wote wawili hulipiwa kutoka katika hazina moja.

Zerg hawana milango miwili. Kituo chao kikuu, Hatchery, hutoa buu kila baada ya sekunde 11 hivi, mpaka mabuu matatu yawepo kwa pamoja, na kila buu linaweza kugeuzwa kuwa mfanyakazi, askari au Overlord, kiumbe arukaye ambaye huongeza nafasi 8 za wafanyakazi au askari na ambaye pia hutumika kwa upelelezi. Buu lililogeuzwa kuwa mfanyakazi haliwezi tena kuwa askari, na lililogeuzwa kuwa askari halitachimba madini kamwe. Uamuzi ambao Terran aliufanya dakika kadhaa zilizopita alipokuwa akijenga kambi, Zerg huufanya upya kila mabuu yanapopatikana, na hukumu yake huwa sahihi au potofu kutegemea habari alizonazo kuhusu mpinzani wakati uleule. Ndiyo maana upelelezi, ambao kwa Terran ni kinga dhidi ya kushtukizwa, kwa Zerg huwa sehemu ya uzalishaji wenyewe.

Tofauti ya pili inahusu gharama ya jengo. Mfanyakazi wa Terran hubaki akijenga mpaka jengo likamilike, kisha hurudi kwenye madini. Mfanyakazi wa Zerg hugeuka kuwa jengo lenyewe na kutoweka katika hesabu. Mpango wa ufunguzi unaojulikana zaidi miongoni mwa wachezaji wa Zerg huandikwa 17, 18, 17, maana yake ni kwamba kituo cha pili hujengwa hesabu ya idadi ikiwa 17, mtambo wa gesi ikiwa 18, na bwawa linalowezesha kuzalisha askari wa kwanza ikiwa 17 tena. Kushuka huko kutoka 18 hadi 17 kunatokana na mfanyakazi aliyeliwa na mtambo wa gesi, na ni jambo ambalo Terran hakulizoea, kwa kuwa ujenzi haupunguzi hesabu yake. Mhamaji asiyelizingatia hujikuta na majengo yote yanayotakiwa lakini na uchumi dhaifu, kwa sababu hakuzalisha wafanyakazi wa kuziba pengo la wale waliogeuka kuta.

Tofauti ya tatu ndiyo huumiza zaidi mazoea ya vidole. Malkia wa Zerg hutumia nishati kukichoma sindano kituo kikuu, na baada ya sekunde 29 mabuu matatu ya ziada hupatikana. Kwa kuwa kituo chenyewe kingezalisha mabuu kati ya mawili na matatu katika muda huo, sindano huongeza uzalishaji zaidi kidogo ya maradufu. Terran naye ana nishati ya kusimamia, kwa maana kituo kilichoboreshwa kuwa Orbital Command huita roboti la kuchimba madini liitwalo MULE, lakini uzembe hauadhibiwi kwa namna moja. Terran aliyesahau anaweza kuita MULE kadhaa kwa mkupuo na kufidia sehemu kubwa ya madini aliyoyakosa, ilhali sindano za Zerg, hata zikipangwa foleni, hutimia moja baada ya nyingine, kwa hiyo kila sekunde ambayo kituo kilikaa bila sindano imepotea moja kwa moja. Mhamaji aliyezoea kusamehewa na jamii yake ya zamani huhitaji kujijengea ratiba mpya ya kurudi kwa malkia hata vita vinapopamba moto.

Kutokana na tofauti hizo, makosa ya mhamaji huangukia pande mbili zinazopingana. Upande wa kwanza ni wa yule anayeendelea kuzalisha askari mfululizo kama alivyofanya katika kambi zake, bila kutambua kwamba kila kundi la askari linamgharimu wafanyakazi ambao hawakuzaliwa. Huyu huwa na jeshi la kutosha mapema, kisha huzidiwa na mpinzani ambaye uchumi wake haukusimama. Upande wa pili ni wa yule aliyesikia kwamba Zerg hushinda kwa uchumi, akageuza kila buu kuwa mfanyakazi mpaka shambulio la kwanza linamkuta bila ulinzi. Wote wawili wana tatizo moja, kwani wanafuata kanuni ya kudumu pale ambapo jamii yao mpya inadai hukumu inayobadilika kulingana na kile ambacho mpinzani anakifanya.

Katika uwanja wa vita, maarifa ya zamani hayapotei bali hugeuzwa. Askari wa miguu wa Terran hupiga kwa mbali na hupenda njia nyembamba zinazomlazimisha adui kuja kwa safu, wakati Zergling, askari mdogo wa Zerg anayezaliwa wawili wawili kutoka buu moja, hupigana kwa kugusana na huhitaji nafasi pana ya kumzunguka adui. Mhamaji anayejua mahali ambapo Terran angependa kupigania amejua tayari mahali ambapo Zerg hapaswi kukubali vita. Hali ni hiyohiyo katika aina za mapambano: pambano la Zerg dhidi ya Terran humpa faida kwa kuwa anatambua hofu na nyakati za nguvu za mpinzani wake, lakini pambano la Zerg dhidi ya Zerg, ambamo kosa dogo la dakika za mwanzo humaliza mchezo, ni somo jipya tangu mwanzo.

Huenda mtu akasema kwamba ugumu wote huu ni wa vidole vya binadamu tu, lakini historia ya AlphaStar, programu ya akili unde iliyotengenezwa na kampuni ya DeepMind ya London, inatia shaka dai hilo. Mwezi Desemba 2018 programu hiyo, ambayo wakati huo ilicheza Protoss pekee, ilimshinda Mjerumani Dario Wünsch, ajulikanaye kama TLO, kwa michezo 5 kwa 0; TLO alikuwa mchezaji wa kulipwa wa Zerg aliyecheza Protoss kwa ajili ya jaribio hilo. Matokeo hayo peke yake hayapimi gharama ya kuhama jamii, kwa sababu Mpoland Grzegorz Komincz, yaani MaNa, mtaalamu wa Protoss, naye alifungwa 5 kwa 0 muda mfupi baadaye. Lenye uzito zaidi ni lile lililochapishwa katika jarida la Nature mwaka 2019, AlphaStar ilipofikia daraja la Grandmaster kwa jamii zote tatu, ikiwazidi asilimia 99.8 ya wachezaji walioorodheshwa. Mafanikio hayo hayakuletwa na ubongo mmoja uliohama, bali na mitandao ya neva bandia iliyofunzwa kando kwa kila jamii kwa siku 44, na alama zake zilitofautiana: 6,275 kwa Protoss, 6,048 kwa Terran na 5,835 kwa Zerg. Hata mashine isiyo na mazoea ya vidole iliandaliwa kama wataalamu watatu.

Kwa mhamaji wa kawaida, mazingira ya leo ni mepesi kuliko ya miaka ya mwanzo, kwa kuwa tangu mwaka 2016 mfumo wa Battle.net humpa mchezaji alama tofauti kwa kila jamii, hivyo Zerg wake mchanga hakutanishwi na wapinzani wanaolingana na Terran wake mkongwe. Nafuu hiyo humruhusu kushika mpango mmoja wa ufunguzi dhidi ya jamii zote, kuahirisha askari wenye matumizi magumu, na kuitazama rekodi ya kila mchezo kwa swali tofauti na la nani ameshinda: mabuu yalikaa bure kwa muda gani, sindano zilichelewa wapi, na ni habari gani iliyohalalisha kila kundi la wafanyakazi au askari. Uhamaji unaweza kuhesabiwa kuwa umekamilika pale ambapo mchezaji, akiona jeshi la mpinzani linatoka kituoni, huhesabu mabuu aliyonayo kabla ya kuhesabu askari.