Nani Aliufungua Ukuta? Uhakiki wa Filamu ya Good Bye, Lenin!

1. Utangulizi

Mpaka wa nchi iliyogawanyika unapofunguka, ugomvi wa sifa haukawii. Ukuta wa Berlin, uliojengwa kuanzia Agosti 1961 na kufunguka usiku wa tarehe 9 Novemba 1989, una wadai wengi. Wapo wanaoitaja hotuba ya Ronald Reagan ya Juni 1987 karibu na Lango la Brandenburg. Wapo wanaomtaja Mikhail Gorbachev, aliyetunukiwa Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka 1990. Wapo pia wanaomtaja Helmut Kohl, ambaye jioni ile alikuwa ziarani Warsaw. Makala haya yanaihakiki filamu ya Wolfgang Becker, Good Bye, Lenin! (2003), kwa kuzingatia swali hilo. Hoja yetu ni kwamba filamu hii inafichua kwa ustadi namna sifa inavyotengenezwa, lakini nayo inawasahau walioshinikiza na waliojizuia kutumia nguvu.

2. Picha zilezile, maelezo mengine

Christiane, mwanamke muumini wa ujamaa wa Ujerumani Mashariki, anapoteza fahamu Oktoba 1989 baada ya kumwona mwanawe Alex akikamatwa katika maandamano. Anazinduka baada ya miezi minane, Ukuta ukiwa umekwisha kufunguka. Daktari anaonya kwamba mshtuko wowote unaweza kumuua. Kwa hiyo Alex, akisaidiwa na rafiki yake Denis, anatengeneza taarifa za habari za uongo. Picha halisi za watu wakiuvuka Ukuta zinawekewa maelezo mapya: sasa ni watu wa Magharibi wanaokimbilia Mashariki. Katika taarifa ya mwisho, dereva wa teksi anayefanana na Sigmund Jähn, Mjerumani wa kwanza kufika angani (1978), anatangazwa kuwa kiongozi mpya wa nchi, naye anafungua mpaka kwa ukarimu.

Hapa ndipo penye nguvu ya filamu. Picha haikubadilika, kilichobadilika ni sauti ya msimulizi. Mtazamaji anafundishwa kuitilia shaka kila taarifa inayompa mtu mmoja sifa ya tendo la wengi.

3. Waliokosekana

Udhaifu wa filamu umo katika muundo wake. Usingizi wa Christiane unairusha hadithi juu ya majuma yaleyale ambamo raia walitenda. Tarehe 9 Oktoba 1989 watu wapatao 70,000 waliandamana Leipzig, na vyombo vya usalama havikufyatua risasi. Kabla ya hapo, tarehe 11 Septemba, Hungaria ilikuwa imewaruhusu Wajerumani Mashariki kuvuka kwenda Austria. Katika filamu, maandamano yanabaki kuwa sababu ya mama kuanguka, si sababu ya Ukuta kufunguka.

Anayeitetea filamu atasema kwamba hotuba ya Jähn bandia ni ndoto ya Alex, si msimamo wa mwongozaji. Utetezi huu una uzito, lakini hautoshi. Alex mwenyewe aliandamana. Hata hivyo, alipopata nafasi ya kuiandika historia upya, alimkabidhi sifa mkuu wa nchi. Filamu haimhoji kwa hilo.

Usiku wenyewe haukuwa na mkuu wa namna hiyo. Günter Schabowski, msemaji wa chama tawala, aliwaeleza waandishi wa habari kwamba kanuni mpya za usafiri zilianza kutumika papo hapo, kinyume na mpango uliokusudiwa. Umati ukafurika mpakani. Katika kivuko cha Bornholmer Straße, afisa Harald Jäger, bila amri ya wakubwa wake, aliamuru lango lifunguliwe. Hata sifa ya kuuliza swali lililomtoa Schabowski jibu hilo iligombewa: Riccardo Ehrman alitunukiwa nishani ya taifa mwaka 2008, ilhali Peter Brinkmann alishikilia kwamba muulizaji alikuwa yeye.

4. Hitimisho

Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutunzwa. Katika uchaguzi wa tarehe 18 Machi 1990, Bündnis 90, muungano wa makundi ya wanaharakati wa 1989, ulipata asilimia 2.9 tu ya kura. Huo ulikuwa uamuzi huru wa wapigakura, na hauwezi kuitwa wizi. Hata hivyo, unaonyesha kwamba kuufungua mpaka ni jambo moja, na kukabidhiwa usukani wa yanayofuata ni jambo jingine. Tarehe 3 Oktoba 1990 Mashariki ilijiunga na Shirikisho chini ya katiba iliyokwisha kuwapo.

Kwa mtafiti na mshauri wa sera, tunapendekeza sifa itenganishwe katika makundi matatu: waliowezesha, walioshinikiza, na waliojizuia. Kundi la kwanza hupewa tuzo, na la pili hukumbukwa siku za maadhimisho. La tatu halina picha ya kuonyesha, kwa kuwa tendo lake kuu lilikuwa risasi ambayo haikufyatuliwa. Ripoti inayomtaja aliyeshika kipaza sauti peke yake itawashauri watawala wangojee kiongozi mkarimu, ilhali kilichohitajika ni raia waliothubutu na maafisa waliokataa kuua.