Hongera, Mafundi wa Kurasa wa Eastlands

Nawapongeza vijana wa saiberi za Buruburu, Umoja na Kayole jijini Nairobi wanaokagua faili kabla haijaenda kwenye mtambo wa uchapaji kule Industrial Area. Maandishi meusi huyaacha yachapwe juu ya rangi ya chini. Karatasi ikisogea kidogo, hakuna weupe unaochungulia kando ya herufi.

Hatari iko kwenye nyeupe. Ikipewa mpangilio huohuo wa kuchapwa juu ya rangi ya chini, kwenye skrini huenda ionekane sawa, lakini mtambo wa rangi nne hauna wino mweupe: herufi hazitoki kabisa. Sasa fikiria kijitabu cha mazishi, jina la marehemu kwa nyeupe juu ya zambarau, na maziko ni kesho asubuhi. Fundi anayefungua PDF usiku huo kuangalia rangi zinavyopandana anaiheshimu familia ile. Ukaguzi huo hauandikwi kwenye risiti. Mimi nasema ulipiwe.