Kuinywesha Sakafu

Saa kumi na nusu alfajiri fundi alikuwa keshapiga magoti kwenye kona ya banda, kiganja cha kulia kimelala juu ya gunia la katani lililofunika zege la jana. Hakuwasha tochi. Alibonyeza, akasubiri, akasogea kidogo, akabonyeza tena.

“Huku kumekauka, mwalimu,” akasema. “Upepo umekunywa kabla yetu.”

Nikamletea mtungi wa lita 20. Aliyamimina maji kwa bakuli, polepole, kuanzia pembeni kuja katikati, mpaka gunia likawa jeusi lote. Hapa Turkana mtu akitaja kunywesha, mawazo yanakwenda kwa mbuzi na ngamia. Fundi huyu analitumia neno hilohilo kwa sakafu, na analisema kwa uso ule ule wa mchungaji anayehesabu mifugo kisimani. Ana haki. Wengi tunadhani saruji inakuwa ngumu kwa kukauka, kumbe inakuwa ngumu kwa kunywa. Unga wake ukikutana na maji huota vijisindano vidogo visivyoonekana kwa macho, vinafumana, vinaushika mchanga na kokoto. Maji yakikatika mapema, vijisindano vinaacha kukua, na juu panabaki unga ulioganda nusunusu ambao kila ufagio utaondoka na sehemu yake. Siku saba za kunyweshwa ndizo za chini kabisa. Nguvu ambayo wahandisi wanaitaja kwenye karatasi zao hupimwa siku ya 28.

Nilitaka mahali pa kuweka pikapu na pikipiki mbili, ubavuni mwa nyumba, mita tatu na nusu kwa sita. Naliita banda, kwa sababu Lodwar gereji ni pale unapolipeleka gari likiugua. Jirani yangu, mama wa makamo aliyezaliwa kando ya mto Turkwel na kujenga manyatta zake mwenyewe kwa mikono yake, alikuja akasimama mlangoni siku tatu mfululizo akitazama maji yanavyomwagwa. Siku ya nne akauliza, “Mwanangu, gari nalo linahitaji godoro?” Lilikuwa swali la haki kutoka kwa mtu ambaye sakafu yake ni mchanga safi, unaofagiliwa asubuhi na kutandikwa ngozi jioni. Mchanga ukichafuka unachotwa na kutupwa, unaletwa mwingine. Saruji haina bahati hiyo. Tone la oili likishaingia kwenye vitundu vyake limeingia. Maji ya breki yanakula rangi iliyopakwa juu yake, asidi ya betri inakula saruji yenyewe. Na ikiachwa uchi inatoa vumbi jembamba la kijivu linaloingia jikoni na kulala juu ya unga wa ugali. Nilimweleza hivyo. Akaitikia kwa kichwa, akaondoka, na kesho yake akatuletea gunia moja la ziada.

Neno lenyewe, sakafu, limesafiri. Kwa Kiarabu saqf ni paa. Mswahili wa Lamu au Unguja aliishi katika nyumba ya mawe ambayo paa lake lilikuwa bapa, limelazwa juu ya boriti za mikoko, na paa la aliye chini ndilo sakafu ya aliye juu. Basi neno likateremka ngazi. Ile sakafu ya kale ilikuwa ya chokaa na kokoto, na haikumwagwa tu ikaachwa. Watu walijipanga mistari na vigongo mikononi, wakaitwanga siku nyingi wakiimba ili mapigo yaende pamoja, hadi vitundu vifunge na maji ya mvua yasipite. Nikimwona fundi wangu amepiga magoti na mwiko wake bapa, akisugua eneo moja mara ishirini, najua anaifanya kazi ya wale watwangaji. Na niru, ambayo kila nyumba ya Kenya yenye sakafu ya saruji inaifahamu, ilikuja na mafundi wa Kihindi. Kwao ilikuwa chokaa laini ya kumalizia ukuta. Kwetu ikawa uji wa saruji unaopakwa juu ya sakafu ingali mbichi, siku ileile, ukasuguliwa kwa chuma hadi ung’ae. Ikipakwa kesho yake haishiki. Itabanduka kama magamba ya samaki. Wengi waliosoma shule za bweni wanaikumbuka ile nyekundu, ya Jumamosi, polishi kwenye kopo na blanketi kuukuu chini ya magoti. Sakafu zile zimebeba vizazi vya wanafunzi na bado zinang’aa.

Ila niru ya Kitale na niru ya Lodwar ni mitihani miwili tofauti. Hapa joto la mchana hupita nyuzi 35 miezi mingi ya mwaka, na mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 200. Juu ya joto kuna upepo wa kusini-mashariki, unaobanwa kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zile za Kenya ukatoka kwa kasi; ng’ambo ya Ziwa Turkana, kule Loiyangalani, upepo huohuo unazungusha mitambo 365 ya umeme. Unapita juu ya zege bichi na kuyachukua maji kabla saruji haijapata fungu lake. Uso unanywea, chini bado pamevimba, na ndani ya saa moja nyufa nyembamba zimetambaa kama mito ya mchangani. Ndiyo maana fundi wangu alikataa kumwaga mchana. Tulimwaga usiku, kwa taa ya pikipiki, ukuta wa turubai umefungwa upande wa upepo. Mchanga alikuwa keshauchagua mwenyewe kwenye kingo za Turkwel. Aliufikicha kwa mikono miwili, akavitazama viganja: vikibaki na tope, mchanga huo hauingii kwake. Maji aliyaonja kwa ncha ya ulimi. Visima vingi vya huku vina chumvi, na chumvi ikiingia ndani ya zege itatafuta njia ya kurudi juu, iote unga mweupe chini ya rangi yoyote utakayopaka na kuisukuma itoke.

Ni yale niliyoyaona Kakuma yaliyonifundisha kumheshimu fundi mwangalifu namna hii. Nilifundisha huko miaka kadhaa, kilomita kama 120 kutoka Lodwar kwenye barabara ile inayoelekea Lokichoggio. Kakuma imekua haraka tangu kambi ya wakimbizi ilipofunguliwa mwaka 1992, na kilichokua pamoja nayo ni pikipiki. Kando ya barabara kuu kulikuwa na kijana mtengenezaji wa pikipiki ambaye alijibana, akaweka akiba, akamlipa mkandarasi ampakie karakana yake rangi ya epoksi ya kijivu, inayong’aa kama sahani. Aliipenda mno. Aliwavua wateja viatu wiki nzima. Mwezi wa tatu ikaanza kuinuka chini ya stendi za pikipiki, kisha kwenye njia ya magurudumu, vipande vya ukubwa wa kiganja. Nilikiokota kimoja nikakigeuza. Upande wa juu ulikuwa mzima kabisa, hauna hata mkwaruzo. Upande wa chini ulikuwa umevaa unga wa kijivu, laini kama poda.

Rangi haikuwa na kosa lolote. Ilikuwa imeshika vizuri sana, ila ilishika utandu. Zege likitiwa maji mengi kupita kiasi, au likisuguliwa mapema kabla maji yake hayajatulia, uji mwepesi wa saruji na vumbi hupanda juu na kuganda kama utandu juu ya maziwa. Mguu unapita, jicho linaona pagumu, lakini ngozi hiyo haijashikana na mwili. Kijana yule alilipia koti zuri likashonewa kwenye vumbi. Sikuwahi kumsikia akilaumu mtu. Alipiga magoti na tindo, akabandua chote mwenyewe, siku nne, na nilipomkuta alikuwa amekaa juu ya ndoo akitazama mikono yake. Bado inaniuma nikiikumbuka. Pesa ile ilikuwa ya matairi na plagi za mwaka mzima.

Kwa hiyo sakafu yangu ilipotimiza siku zake, sikuuliza rangi itakuwa gani. Niliuliza utandu utaondokaje. Kuna wanaomwaga asidi ikaula uso. Fundi wangu haipendi, kwa sababu baada ya asidi lazima uoshe na uoshe tena mpaka isibaki hata alama, na kwa maji hayo, anasema, angenywesha sakafu nyingine. Alikodi mashine ya kusaga yenye sahani ya almasi. Vumbi lilikuwa la kutisha, tukafunga pua kwa vitambaa vilivyoloweshwa. Alipomaliza alinishika mkono, akaupitisha juu ya zege. Lilikwaruza kama msasa. “Hapa rangi itapata kucha,” akasema. Kisha akadondosha maji mahali kumi tofauti. Tone lililozama alilipita. Tone lililokaa limejikunja kama shanga lilimwambia kuna mafuta, labda ya mashine, labda ya mkono wa mtu. Hapo akarudi na sabuni ya unga, maji ya moto na brashi ya waya.

Jaribio la mwisho lilinishangaza. Alikata karatasi ya nailoni, karibu nusu mita kila upande, akaibandika kwa gundi pande zote nne jioni, akaniambia nisiiguse hadi kesho. Nilidhani katika nchi kavu namna hii ni kupoteza wakati. Asubuhi, chini ya nailoni, palikuwa na ukungu wa matone. Maji tuliyoinywesha wiki nzima yalikuwa bado yanatoka. Epoksi ingeyafungia ndani, nayo yangeisukuma. Tukangoja wiki mbili nyingine, tukabandika tena, pakawa pakavu.

Ni katika wiki hizo mbili ndipo tulipochagua. Kwa nyumba nyingi za Lodwar na Kakuma mimi nitasema bila kusita: niru iliyofanywa siku yake, ikanyweshwa, kisha ikapakwa silikati. Hiyo ni dawa nyembamba kama maji. Inazama kwenye vitundu, inakutana na chokaa iliyosalia humo, inazaa gundi ileile inayoshikilia saruji. Haiachi ngozi juu, basi hakuna cha kubanduka. Inazuia vumbi, haigeuki rangi juani, na fundi mmoja na brashi anaimaliza asubuhi moja. Oili ikikaa muda mrefu itaacha doa, na mwenye duka au baraza anaweza kuishi na doa. Polishi nyekundu ni nzuri barazani, lakini chini ya gari, ikipata tone la oili, inateleza vibaya. Epoksi ndiyo inayolihimili gari lenyewe, mafuta, betri na jeki, ila jua linaila: inageuka njano, kisha inatoa chaki. Ndipo fundi, asubuhi moja kabla ya jua kuchomoza, alipokuja na kipande cha chaki. Banda langu linatazama mashariki. Alisimama hadi mwali wa jua ukafika mwisho wa safari yake ndani, akachora mstari pale. Nyuma ya mstari, epoksi. Mbele yake, silikati. Sikuwahi kuliona hilo katika karatasi ya maelekezo ya kopo lolote.

Siku ya kupaka ilianza saa kumi jioni. Asubuhi zege linapopata joto, hewa iliyo ndani yake inatanuka na kutoka juu, na rangi iliyopakwa wakati huo inajaa mapovu. Jioni zege linapoa, linavuta pumzi kwa ndani, linaivuta na rangi. Nje ya turubai kibarua alinyunyizia ardhi maji ili vumbi lilale. Epoksi ni makopo mawili, gundi na kigumishi chake, na yakishachanganywa hayana subira. Joto la huku linaufupisha muda wao karibu nusu. Kule Kakuma niliwahi kuona ndoo nzima ikitoa moshi na kuganda na rola ndani yake. Kwa hiyo fundi alichanganya lita moja moja, akaimwaga yote chini papo hapo kama mtu anayepanda mtama kwa mistari, maana ikitandazwa haijipashi joto kama ikiwa imelundikana ndooni. Akaivuta kwa rola, amevaa viatu vya misumari, akirudi nyuma hatua kwa hatua. Juu ya koti la kwanza akarusha mchanga mkavu uliochekechwa, kwa mkono wa mtu anayelisha kuku, ili mguu upate pa kushika. Hakuna aliyezungumza. Tulisikia rola tu, na turubai ikipigwa na upepo. Koti la pili lilifuata jioni ya kesho yake.

Siku ya saba baada ya hapo nilirudi kutoka Kakuma mchana, nikamkuta amekaa kivulini mlangoni mwa banda. Nilitaka kuingia moja kwa moja. Akanyanyua mkono, akanielekeza chini ya mti. Tairi likitoka barabarani lina moto, na mpira wa moto ukisimama juu ya epoksi changa unaishika, halafu unapopoa na kusinyaa unaivuta. Tulikunywa chai. Jirani yangu akaja na kigoda chake akakaa nasi. Kila baada ya muda fundi aliinuka, akainama kando ya gurudumu la mbele, akaweka kiganja kilekile juu ya tairi, akarudi kuketi.

“Bado,” alisema mara mbili.

Mara ya tatu alikiacha kiganja pale kwa muda, akamtazama mama, kisha akanitazama mimi.

“Sasa leta.”