Mjusi Chini ya Ngozi

Mwambie mtu aliyewahi kuitazama V akutajie tukio moja tu, naye atakutajia lile la ngozi. Mike Donovan, mpiga picha wa televisheni, amejipenyeza na kamera yake ndani ya chombo cha Wageni. Anamchungulia Diana, mrembo mwenye mamlaka, akimeza mnyama mzimamzima kama chatu. Baadaye anakabana na Mgeni mmoja, uso unachanika, na chini ya ngozi ya mtu anatokea mjusi. Nimeitazama mara kadhaa na vijana wenzangu hapa Shinyanga, na kila ikifika hapo lazima mmoja apige kelele: "Nilijua tu!"

Ni hiyo "nilijua tu" inayonifanya niandike.

V iliandikwa na kuongozwa na Kenneth Johnson, na NBC ya Marekani ikaionyesha kwa siku mbili, tarehe 1 na 2 Mei 1983. Wakati huo Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja cha televisheni. Anayeitazama huku leo anaitazama kwa flashi au kwenye simu, miaka zaidi ya arobaini baadaye. Hadithi yenyewe haina mzunguko. Vyombo hamsini vikubwa vinatanda juu ya miji mikuu ya dunia. Waliomo wanafanana na sisi, wanajiita Wageni, na wanaomba kemikali za kuokoa sayari yao. Kwa malipo watatupa elimu yao. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Polepole tunagundua kwamba wanachokifuata ni maji yetu na nyama yetu.

Watazamaji ninaowafahamu wana maoni ya aina tatu. La kwanza ni kwamba imezeeka: vyombo vinaonekana vya kuchorwa, bunduki zinatoa miale ya katuni. Ni kweli, na hakuna la kubishania.

La pili ni la waliosoma historia: kwamba hii ni habari ya Hitler iliyovishwa nguo za anga. Nalo ni kweli. Johnson alianzia kwenye riwaya ya Sinclair Lewis ya mwaka 1935 kuhusu Marekani inayoangukia mikononi mwa dikteta. Hadithi yake ya mwanzo haikuwa na kiumbe wa anga hata mmoja. Ilikuwa ya Wamarekani wakiwakandamiza Wamarekani wenzao. Wakubwa wa televisheni walitaka kitu cha kuwavuta mashabiki wa Star Wars, ndipo Wageni wakaingizwa. Jambo hili watazamaji wengi hulipita haraka, ilhali ndilo zito kuliko yote: mjusi alikuja baadaye. Hadithi ilipozaliwa, chini ya ngozi ya adui hakukuwa na kitu kingine isipokuwa mtu.

La tatu ni letu, la watu wa ukanda wa madini. Mtazamaji wa Geita au Kahama haendi Berlin kutafuta mfano. Anaona watu waliotoka mbali wakaahidi teknolojia na ajira, wakaondoka na kilichokuwa ardhini. Almasi ya Mwadui imechimbwa tangu 1940. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, Bulyanhulu 2001. Mwaka 2017, sakata la makontena ya makinikia lilipolipuka, kamati za Rais Magufuli zilisema ndani yake mlikuwa na madini mengi kuliko yaliyotangazwa, kampuni ikakanusha. Ukitoka kwenye habari ile ukaingia kwenye V, huhitaji mkalimani.

Naikubali tafsiri hii, ila naona inaishia njiani. Tazama tena sehemu ya kwanza, kabla ya mjusi. Wageni wanapokabidhiwa kiwanda cha kemikali, bendi ya wanafunzi inawapigia muziki. Eleanor, mama yake Donovan, anawafungulia nyumba yake kwa sababu wana madaraka. Mwandishi wa habari Kristine Walsh anakuwa msemaji wao. Hakuna aliyevaa ngozi ya bandia hapo. Na sakata letu halikumalizika kwa kumchana mtu uso. Lilimalizika mezani, kukazaliwa kampuni ya Twiga ambayo Serikali ina asilimia 16 ya hisa zake. Sheria ya Madini ya 1998, iliyowafungulia mlango wawekezaji wakubwa, ilipitishwa na Bunge letu wenyewe. Anayesema "wale ni mijusi" amejipunguzia kazi ya kusoma mkataba.

Kuna jambo jingine, na hili ni la damu. Wazo kwamba adui amejificha ndani ya mwili wa jirani, na kwamba ukimtazama vizuri utaiona alama yake, huku kwetu si burudani. Usukumani vikongwe wameuawa kwa miaka mingi wakidaiwa ni wachawi, na ushahidi ulikuwa macho mekundu, macho ya mtu aliyepikia kinyesi cha ng'ombe na kuni tangu usichana. Kuanzia 2007 watu wenye ualbino waliwindwa Kanda ya Ziwa kwa sababu kuna walioaminishwa kwamba viungo vyao huleta utajiri, pamoja na bahati ya dhahabu. Mwaka 2009 Mahakama Kuu, ikikaa Kahama, iliwahukumu kunyongwa wanaume watatu kwa kumuua mvulana mwenye ualbino. Watoto walipelekwa kuishi katika kituo cha Buhangija, hapa Shinyanga, ili wawe hai. Mpiga ramli chonganishi naye anauza tukio la ngozi: huyu si mtu kama wewe, ngoja nikuonyeshe. Na mteja wake hujibu vilevile: nilijua tu.

Uzuri ni kwamba V yenyewe inalijua hili, ingawa watazamaji hawalipigii kelele. Wageni wanapotaka kuwanyamazisha wanasayansi, wanatangaza kwamba wamegundua njama yao. Majirani wanaanza kumkwepa Robert Maxwell, mtaalamu wa kuchunguza jamii za watu. Familia yake inakimbilia kwa akina Bernstein. Mwenye nyumba anaogopa, na ana haki ya kuogopa. Ni baba yake, mzee Abraham, aliyenusurika mauaji ya Wayahudi, anayemwambia kwamba wakiwafukuza watu hawa watakuwa hawajajifunza lolote. Anayekwenda kuwachongea ni Daniel, mjukuu wa mzee huyo huyo, kijana asiye na kazi aliyepewa sare na bunduki, ambaye binti wa Maxwell hamtaki. Wivu mdogo, na nyumba yake mwenyewe inabebwa. Yeyote aliyewahi kusikia jinsi kesi ya uchawi inavyoanza kijijini, kwa shamba, kwa urithi, kwa posa iliyokataliwa, atamtambua Daniel.

Na yuko Willie, Mgeni aliyefundishwa Kiarabu akitegemea kupelekwa Mashariki ya Kati, akaishia kiwandani Los Angeles akiokoteza Kiingereza. Caleb, mfanyakazi asiyewapenda Wageni, anapata ajali kiwandani, na Willie ndiye anayemwokoa. Chini ya ngozi ya Willie naye ni mjusi. Ukiitafuta alama tu, utamuua Willie na kumwacha Daniel.

Ndiyo maana mwendelezo wa 1984, The Final Battle, unanikatisha tamaa. Johnson alikwishajiondoa. Pale ushindi unatokana na vumbi jekundu lenye sumu kwa miili ya Wageni: tatizo lilikuwa mwili, na dawa ni ya mwili. Wengi wanaipenda sehemu hii kwa sababu ina vita na mwisho unaoeleweka. Mimi naona imemfuata mjusi na kuisahau nyumba ya Bernstein.

Kwa hiyo itazameni V, na msiirukie sehemu ya kwanza eti inachelewa kufika kwenye mijusi. Mkifika kwenye ngozi, pigeni kelele mkitaka. Tukio lile limetengenezwa vizuri. Kisha mrudishe nyuma hadi pale familia ya Maxwell inapoomba hifadhi, mtazame uso wa mwenye nyumba akiamua. Uso ule hauchaniki, na ndani ya dakika ile hakuna anayejua atafanya nini.